Saa chache Brussels na watoto: kutoka Zaventem hadi Matonge na kurudi getini

Ndege za usiku kutoka Entebbe, Kigali na Kinshasa hutua Brussels alfajiri, na familia nyingi zinazoelekea Marekani, Kanada au Uingereza hujikuta zimekaa kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem zikiukodolea macho ubao wa ndege kwa saa nane, wakati mwingine tisa au kumi. Watoto wanalala juu ya mabegi, baba anatafuta pa kuchajia simu, mama anagawa biskuti za mwisho. Mji wenyewe uko dakika kama ishirini tu kwa treni.

Msimamo wangu ni huu: mwenye saa chache asijaribu kuizunguka Brussels. Aivuke. Shukeni stesheni moja katikati ya mji, teremkeni hadi Grand-Place, uwanja wa zamani wa katikati ya mji, pandeni kilima polepole, malizieni mtaa wa Matonge kwa Wakongomani, halafu mpandie treni ya kurudi stesheni nyingine iliyo karibu na hapo. Karibu hakuna njia mnayoirudia mara mbili, na miguu ya mtoto wa miaka mitano inaimudu.

Saa zote humu nazitaja kwa Kiswahili. Saa mbili asubuhi ndiyo 8:00 ya kwenye tiketi. Na mbadilishe saa zenu mkishatua: Afrika Mashariki iko mbele ya Brussels kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi.

Hatua ya 1: Pigeni hesabu kuanzia mwisho

Anzeni na saa ya ndege ya pili kuondoka, mrudi nyuma. Mnaokwenda Marekani, toeni saa tatu, kwa sababu mara nyingi kuna maswali na ukaguzi wa ziada karibu na geti. Kwingineko saa mbili na nusu zinatosha. Toeni nusu saa nyingine ya treni ya kurudi pamoja na kuingoja. Kisha mrudi mwanzo wa siku: kutoka mlango wa ndege hadi jukwaa la treni, wekeni saa moja na nusu.

Hiyo saa na nusu si woga. Tangu Oktoba 12, 2025, nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zilianza kuandikisha wageni mpakani kwa mashine: picha ya uso na alama za vidole. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole, ila picha wanapigwa, na mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri hakai sawa mbele ya kamera kwa kuambiwa mara moja.

Tuseme mmetua saa kumi na mbili asubuhi na ndege ya pili inaondoka saa tisa alasiri. Saa moja na nusu mko kwenye treni, saa mbili mko mjini. Saa sita mchana mnatakiwa muwe mmerudi uwanjani, maana yake saa tano na nusu mko stesheni. Mmebaki na saa tatu na nusu, na mwongozo huu umekatwa kwa kipimo hicho. Nafasi kati ya ndege na ndege ikiwa chini ya saa saba, msitoke. Tafuteni kona tulivu, watoto walale.

Mambo mawili yanaweza kuivuruga hesabu hii. La kwanza ni giza: Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, kwa hiyo mnaweza kufika mjini taa za barabarani bado zinawaka. Si vibaya, uwanja wa zamani ukiwa na taa ni mzuri mno, lakini baridi ya saa hiyo haina utani. La pili ni mgomo. Wabelgiji hugoma, na wakigoma hugoma kwelikweli. Mwaka 2025 zilikuwepo siku za mgomo wa kitaifa ambazo hakuna ndege ya abiria iliyoondoka Zaventem, na treni nazo zilipungua. Tafuteni habari za wiki hiyo kabla ya kusafiri. Siku ya mgomo, kaeni uwanjani hata kama mna saa kumi.

Hatua ya 2: Someni pasipoti za kila mmoja, si ya baba peke yake

Hapa ndipo safari nyingi za namna hii hufia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kutoka nje ya uwanja ni kuingia Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya kuingia, ile ya aina ya C. Viza ya transiti ya uwanjani, aina ya A, ni ya kukaa ndani tu. Haimpeleki mtu mjini. Wakongomani wanadaiwa hiyo A hata kwa kubadilisha ndege bila kutoka, isipokuwa wenye hati fulani kama Green Card ya Marekani.

Na Green Card yenyewe ndiyo inayowaponza watu. Inakuondolea viza ya transiti, haikufungulii mlango wa kwenda mjini. Vivyo hivyo karatasi ya ukaazi wa Uingereza au Kanada: imekufanya mkaazi wa huko, Ubelgiji haikuhusu. Kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kama Ujerumani, Uholanzi au Ufaransa, hicho kinakubalika.

Sasa angalieni familia ya kawaida ya ughaibuni. Watoto wamezaliwa Ohio na wana pasipoti za Marekani. Baba amekwishaapishwa kuwa raia, naye anayo. Mama bado ana pasipoti ya Kenya na Green Card. Watatu wanapita mpakani bila viza, mama anabaki upande wa ndani na mkoba wa nepi. Hilo ni la kuzungumzwa mezani nyumbani, si mbele ya afisa wa uhamiaji. Ama wote watoke, ama wote wabaki, ama mama aseme kwa hiari yake kwamba angependa saa nne za kulala bila kuitwa. Wapo wanaolipenda hilo la tatu.

Je, viza inalipa kwa saa chache? Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Wazazi wawili na watoto wawili wa shule ya msingi ni euro 270, bado bima ya safari ya angalau euro 30,000, picha, na safari za kwenda kupeleka maombi. Kwa matembezi ya saa tatu na nusu mimi nisingelipa. Ningebadilisha tiketi nilale Brussels siku mbili, au ningengoja safari ambayo viza ninayo tayari kwa sababu nyingine.

Mkinunua tiketi mbili mbalimbali, za mashirika yasiyoshirikiana, ulizeni kama mizigo inapelekwa moja kwa moja. Kama mtatakiwa kuichukua na kuikabidhi upya, hapo kutoka si starehe tena. Ni lazima, na viza ni lazima pia.

Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua ya ruhusa ya mzazi mwenzake. Mpakani wanaweza kuuliza.

Hatua ya 3: Kabla ya kutoka uwanjani

Mabegi ya mkononi yaachwe kwenye makabati ya kukodi pale uwanjani. Mjini mwende na mkoba mmoja tu: maji, nguo ya ziada ya mdogo kuliko wote, tishu, pasipoti, na sweta za wote hata mwezi wa Julai, kwa sababu mvua ya Brussels haichagui majira.

Kigari cha mtoto kina mushkeli wake. Mkikikabidhi mlangoni mwa ndege Entebbe kinaweza kupewa lebo ya mwisho wa safari, mkaja kukiona Washington. Waambieni mapema kwamba mnakitaka Brussels. Hata mkikipata, barabara za mji wa zamani zimetandikwa mawe, na vigari vyenye magurudumu madogo hunasa. Kwa aliye chini ya miaka miwili, kanga mgongoni ndiyo dawa. Mtoto anapata joto, anaona mji, na kwenye ngazi hamhangaiki.

Tafuteni sarafu za euro. Karibu kila mahali hulipwa kwa kadi, isipokuwa chooni, ambako yule mama aliyekaa mlangoni na kisahani chake anataka senti hamsini au euro nzima, na mtoto hangoji.

Hatua ya 4: Treni

Stesheni iko chini ya jengo la abiria, ngazi ya -1, mnateremka kwa lifti. Tiketi ni euro 10 na kitu kwa mtu mzima, kwa sababu ndani yake mna tozo ya njia ya uwanja wa ndege. Kwa watoto wa chini ya miaka 12 ulizeni dirishani kabla ya kubonyeza mashine. Kwa kawaida wakiwa na mtu mzima hawalipi. Msitupe tiketi, kwa sababu pale uwanjani kuna mageti yanayoisoma.

Brussels ina lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi, na stesheni zina majina mawili mawili. Mnayoitaka ni Bruxelles-Central, au Brussel-Centraal. Kabla yake mtapita Nord, inayoitwa pia Noord. Hapo simameni, vaeni mkoba, shikaneni mikono mlangoni, kwa maana inayofuata ni yenu na treni haikai sana. Mkipitiliza mtaangukia Midi, ambayo kwa Kiholanzi ni Zuid. Ni stesheni kubwa yenye wezi wa mifukoni wenye uzoefu, na itawala nusu saa.

Teksi inafika euro 50 hivi na asubuhi inakwama kwenye foleni. Iacheni.

Hatua ya 5: Grand-Place

Kutoka Central fuateni mteremko. Katika dakika tano mko Rue du Marché aux Herbes. Kulia mtaona mlango wa Galeries Royales Saint-Hubert, njia ya maduka yenye paa la vioo iliyofunguliwa mwaka 1847. Kama mvua inanyesha ingieni humo kwanza. Ndimo lilimo duka la Neuhaus, ambako mwaka 1912 Jean Neuhaus alibuni praline, ile chokoleti yenye kijazo ndani. Kama hakuna mvua, vukeni barabara, ingieni uchochoro wa Rue de la Colline, na msiwaambie watoto kitu. Uchochoro unaishia ghafla kwenye uwanja.

Grand-Place haina kiingilio wala mlango. Asubuhi kabla ya saa nne makundi ya watalii bado yanakunywa chai hotelini. Mnakuta wafagiaji, magari ya kushusha bia, na dhahabu iliyopakwa kwenye kuta inaanza kushika jua. Unesco iliuingiza uwanja huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1998.

Msiwasomee watoto historia yote. Wapeni vitu vya kutafuta.

Kwanza, jengo refu lenye mnara, ukumbi wa mji. Mnara una mita 96 na juu kabisa amesimama Malaika Mikaeli akimkanyaga shetani. Waulizeni watoto: mnara uko katikati? Watahesabu madirisha na kugundua kwamba upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Upande wa kushoto ulianza mwaka 1402, wa kulia ukaongezwa baadaye ukiwa mfupi. Kuna hadithi kwamba msanifu alipoiona kasoro alijirusha kutoka juu. Haina ushahidi, ila watoto wataishika kuliko tarehe zote mtakazowatajia.

Pili, nyumba iliyo kama meli. Katika safu ya nyumba zilizo magharibi mwa uwanja, ile ya chama cha mabaharia, Le Cornet, imemaliziwa juu kwa umbo la tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya meli ya zamani. Mtoto wa Lamu au Bagamoyo ataiona kabla ya wengine. Kila nyumba hapa ilikuwa ya chama cha mafundi au wafanyabiashara: waokaji, watengeneza bia, wauza mafuta na wengineo. Kwa wakubwa, nyumba ya Le Cygne, yenye bata maji mlangoni, ndimo kilimoanzishwa chama cha wafanyakazi cha Ubelgiji mwaka 1885.

Tatu, mtu aliyelala. Pembeni mwa ukumbi wa mji, chini ya matao ya Rue Charles Buls, kuna sanamu ya shaba ya Everard 't Serclaes, shujaa wa mji aliyefariki mwaka 1388. Watu humpapasa mkono kwa kutaka bahati, na kwa miaka mingi ya kupapaswa sehemu hizo zimekuwa za manjano angavu huku zilizobaki ni nyeusi. Hapo mtoto mdogo anaruhusiwa kushika, jambo adimu Ulaya. Mna dawa ya kuua vijidudu mkobani? Vizuri.

Mtu mzima naye ana la kujua. Wengi wetu tukiona fahari hii tunasema moja kwa moja: utajiri wa mpira uliogemwa Kongo huu. Hapana, si huu. Agosti 1695 majeshi ya Ufaransa chini ya Jemadari Villeroi yaliupiga mji kwa mizinga siku tatu, uwanja ukateketea, na vyama vya mafundi vikaujenga upya katika miaka michache. Leopold II, mfalme aliyejitwalia Kongo, hakuwa amezaliwa. Fedha za Kongo ziko Brussels, na zinaonekana kwa macho, ila ziko juu kilimani. Mtazifikia.

Manneken-Pis yuko dakika tano kutoka hapo, mkifuata Rue de l'Étuve. Ni sanamu ya kitoto cha kiume kinachokojoa, iliyotengenezwa mwaka 1619 na Jérôme Duquesnoy. Waandaeni watoto: ni kidogo, hakifiki hata mita moja, na kinachosimama barabarani ni nakala, chenyewe kimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho pale Grand-Place. Watu wazima huvunjika moyo, watoto hucheka mpaka wanaketi chini. Siku nyingine mtamkuta amevishwa, kwa kuwa ana nguo zaidi ya elfu moja alizozawadiwa kutoka pande zote, ikiwemo suti aliyopewa na mfalme Louis XV wa Ufaransa mwaka 1747. Njiani tazameni juu: kuta kadhaa za mtaa huo zimechorwa katuni kubwa za Kibelgiji, ukiwemo ule wa mwandishi habari kijana akiteremka ngazi za nje na mbwa wake mweupe.

Hatua ya 6: Kula

Frites, yaani chipsi, hukaangwa mara mbili na huliwa kwenye karatasi iliyokunjwa koni, na mayonezi juu. Waislamu wasikilize hapa: kwa desturi ya Kibelgiji, chipsi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo si lazima awe amechinjwa kwa sheria. Ulizeni "huile végétale?" kabla ya kulipa. Yapo maduka yanayotumia mafuta ya mimea, na wataitikia kwa kichwa mara moja.

Gaufre, ule mkate wa vishimo vya mraba, uko wa aina mbili. Wa Brussels ni wa mstatili, mwepesi, unavunjika kinywani. Wa Liège ni mzito, kingo zake hazijanyooka, na ndani umetiwa chembe kubwa za sukari zinazoyeyuka kwenye chuma na kuacha ganda la kahawia linalonata meno. Kwa safari ya miguu chukueni wa Liège bila kitu juu yake. Ile milima ya krimu na stroberi kwenye madirisha ya kuelekea Manneken-Pis inauzwa kwa macho, na itaishia kwenye sweta.

Chokoleti zisomeni: neno "liqueur" au "alcool" kwenye boksi maana yake kuna pombe. Rue des Bouchers, mtaa wa mikahawa ambako vijana wanawavuta watu kwa mkono, mpite mkitazama tu. Maji ya bomba ni salama, jazeni chupa zenu.

Hatua ya 7: Kilimani

Rudini upande wa stesheni, mpande Mont des Arts. Ni bustani yenye ngazi pana, na mkifika juu mgeuke nyuma: mnara wa ukumbi wa mji umesimama mbele yenu sawasawa. Picha ya familia ipigwe hapo, si Grand-Place ambako mnara hauingii kwenye simu.

Mbele kidogo ni Place Royale, na kulia kwake, mkiambaa na bustani kubwa, kasri ya mfalme. Sura yake ya mbele ilianza kujengwa upya mwaka 1904, enzi za Leopold II. Mfalme huyo aliimiliki Kongo kama mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, dola la Ubelgiji lilipoichukua, na mamilioni ya watu waliishi na wengi kufa chini ya kazi ya shuruti ya kugema mpira. Pembeni mwa kasri, Place du Trône, mtamkuta juu ya farasi. Kwenye sanamu hiyo kuna maandishi yanayosema shaba na bati zake zilitolewa na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya Kongo. Yaani aliyeichota Kongo kasimamishwa kwa madini ya Kongo, na imeandikwa hapohapo kwa majivuno. Mwaka 2020 ilimwagiwa rangi, si mara moja.

Mtoto wa miaka kumi anaelewa hili likielezwa kwa maneno mafupi. Mwenye watoto wadogo apite bila hotuba.

Hatua ya 8: Matonge

Dakika tano kutoka kwa farasi ni Porte de Namur, na hapo pana kibao cha bluu: Square Patrice Lumumba, kilichozinduliwa Juni 30, 2018, siku ya uhuru wa Kongo. Ilichukua miaka ya kudai. Lumumba aliuawa Januari 17, 1961, na kilichobaki cha mwili wake, jino moja, Ubelgiji iliwakabidhi watoto wake mjini humu Juni 20, 2022.

Vukeni barabara kuu mwingie Chaussée de Wavre. Hapo ndipo Matonge, mtaa uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Ghafla Kifaransa kinabadilika lafudhi. Saluni zimepangana, kinadada wamesimama mlangoni wakiuliza kama mnasuka, na ndani ya Galerie d'Ixelles mna vinyozi, vitenge na muziki unaotoka pande tatu kwa wakati mmoja. Kwenye duka la vyakula ingieni hata kama hamnunui: makayabu, samaki mkavu wa chumvi, amepangwa kama mbao, sombe, yaani kisamvu, imegandishwa kwenye pakiti, ndakala, dagaa wa Kikongo, wamejazwa ndoo, pilipili za mviringo za rangi tatu, na harufu yote kwa pamoja inamfanya bibi aliyetoka Bukavu aanze kupekuapekua bila haraka yoyote. Mpeni dakika kumi.

Kilingala ndicho kinachotawala, lakini watu wa Lubumbashi, Goma na Bukavu wamo. Anzeni na "Jambo mama" muone. Mtajibiwa kwa Kiswahili chao, na mkimwambia muuzaji mnatoka Mwanza au Kigoma, mazungumzo yatakuwa marefu kuliko muda mlio nao. Msimpige mtu picha bila kumwomba, hasa kwenye saluni.

Mikahawa mingi haiko tayari kabla ya saa sita mchana. Wenye ndege ya alasiri wanunue vitumbua na mandazi ya Kikongo dukani, wale wakitembea. Wenye ndege ya jioni wangoje, wale sombe, samaki na ndizi, kwa sababu chakula cha kwenye ndege watakijua tu.

Mtauliza: na Jumba la Makumbusho la Afrika, Tervuren? Ni kubwa, lilifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya miaka mitano ya ukarabati, na linastahili nusu siku. Liko nje ya mji, mnafika kwa tramu namba 44 kutoka Montgomery, na Jumatatu limefungwa. Kwa saa tatu na nusu haliwezekani. Atomium ya mwaka 1958, yenye mita 102, ni vilevile: iko Heysel, mbali kaskazini, na foleni yake peke yake ni nusu ya muda wenu.

Hatua ya 9: Kurudi

Kutoka Matonge stesheni ya karibu ni Bruxelles-Luxembourg, dakika kama kumi kwa miguu, nyuma yake likiwa Bunge la Ulaya. Kuna treni za kwenda uwanjani moja kwa moja, ila ni chache kuliko za Central, na mwisho wa wiki hupungua zaidi. Kwa hiyo angalieni ratiba kabla ya kutoka Grand-Place, na ndiyo iwapangie mnaondoka Matonge saa ngapi. Kama hailingani, shukeni metro pale Porte de Namur, namba 2 au 6, mbadilishe Arts-Loi mchukue 1 au 5 hadi Gare Centrale. Metro mnagusa kadi ya benki tu getini. Kwenye treni kadi haiguswi, tiketi lazima.

Uwanjani, chukueni mabegi kwenye makabati kabla ya kupanda juu. Ukaguzi wa mizigo ya mkononi huja kwanza, uhamiaji baadaye, na mageti ya B ndiyo ya nje ya Schengen. Chokoleti ngumu hupita bila neno. Ile ya kupaka kwenye mkate, na siagi ya biskuti za speculoos, huhesabiwa kuwa kimiminika: kopo linalozidi mililita 100 huishia pipani mbele ya macho ya mtoto. Zinunueni baada ya ukaguzi. Na bibi aulizwe mapema amebeba nini kutoka Matonge, kwa maana mnaokwenda Marekani mtatakiwa kutaja kila chakula mlicho nacho mkifika, na nyama, matunda na majani mabichi huwa hayavuki.